Umepiga Selfi Thomson's Falls, Ziwa Je?

Wasee, nianze kwa kukiri. Mimi pia nimesimama pale Nyahururu, nikainua simu, nikapiga video ya maji yakianguka mita 74, nikaweka muziki, nikangoja laiki. Zilikuja. Hakuna aliyeniuliza maji yanatoka wapi, na mimi sikujiuliza.

Yanatoka Ol Bolossat. Ni ziwa dogo la maji baridi kule Nyandarua, kwenye nyanda za juu zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Ndilo ziwa pekee la asili eneo la Kati. Vijito na chemchemi za milima ya Aberdare hulijaza, halafu Ewaso Narok hutoka hapo, hupita Nyahururu, huanguka, huendelea Laikipia na kuungana na Ewaso Ng'iro kuelekea Samburu na Isiolo. Ukicheza na ziwa, umecheza na kiu ya watu ambao hawajawahi hata kuliona.

Na tunacheza nalo. Maji yakirudi nyuma kiangazi, jembe linayafuata. Viazi na kabeji zinapandwa mahali kiboko alikuwa analala. Ng'ombe wanakula matete ambamo korongo taji hutaga mayai, na huyo ndege tayari yuko kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka. Halafu kiboko akiingia shambani, ati yeye ndiye msumbufu. Kwani nani alimfuata mwenzake?

Mwaka wa 2018 serikali ilitangaza ziwa hili kuwa eneo la ardhioevu linalolindwa. Sawa, asante. Lakini tangazo la gazeti rasmi halizuii ng'ombe. Kinachotakiwa ni alama za mpaka ambazo hata mtoto anaziona, na jibu la wazi kwa wale walio na hati za mashamba kwenye ukingo. Hizo hati hazikuota kama uyoga. Kuna ofisi ilipiga muhuri.

Kwa hivyo msiniletee hadithi ya kumshika mama mwenye robo ekari ya viazi na kumpiga picha kama mhalifu. Mchimbieni mfugaji bwawa mbali na ukingo, ng'ombe wanywe huko, ndipo mumwambie asikanyage matete. Na pesa tunazolipa getini pale kwenye maporomoko, mbona sehemu yake isirudi juu kwenye ziwa? Najua, maporomoko yako Laikipia, ziwa liko Nyandarua. Lakini mto haujui kaunti.

Kuna mtu ataandika hapa chini kwamba niliacha chuo, kwa hivyo nisifundishe watu mazingira. Bana, sihitaji digrii kujua maji huteremka. Juu kukikauka, chini kutabaki mwamba, na mwamba mkavu hakuna mtu atalipa kuuona.

Sisi wa kontenti ndio tunauza haya maporomoko bure kila wikendi. Basi tuuze na ukweli wake. Video yangu nimeitoa. Nitairudisha nikishaenda Ol Bolossat na kupiga ile ya kwanza: ziwa, ukingo, na jembe likiwa ndani. Wewe uliye na droni, twende. Usiniachie laiki kwa hii posti. Niambie unakuja lini.