Nani Kasema Kriketi ni ya Wahindi?

Ijumaa asubuhi, kabla jua halijawa kali, viwanja vya changarawe pembezoni mwa Bahla, Oman, hujaa vijana wenye gongo na mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe. Ni mafundi, madereva na wauza maduka kutoka Pakistan, India na Bangladesh, wanaotumia siku yao ya mapumziko. Wenyeji wapitao kwa gari hutupa jicho, kisha hutoa hukumu ile ile: huo mchezo wa Wahindi. Hukumu hutolewa kwa Kiarabu, na katika nyumba nyingi za Bahla, Nizwa na Ibra hutolewa pia kwa Kiswahili kilichorudi na wenyewe kutoka Unguja.

Ikitajwa timu ya taifa ya wanawake, hukumu huongezwa makali. Timu gani ya Oman hiyo, huulizwa, ambayo orodha ya majina yake ukiisoma unadhani uko Bombay au Karachi?

Swali hilo linastahili kujibiwa kwa mfano wa kweli. Februari 2020, timu ya wanawake ya Ujerumani ilifanya ziara Oman na kucheza mechi 4 za ova 20 katika uwanja wa Al Amerat, Muscat. Mechi hizo ziliingia katika vitabu rasmi, baada ya Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, kuamua mwaka 2018 kwamba mechi za ova 20 kati ya timu za taifa za wanachama wake wote zitambuliwe. Wenyeji, chini ya nahodha Vaishali Jesrani, walifungwa zote 4. Wabezaji wakapata la kusema: wageni watupu, na bado wamefungwa.

Hawakutazama upande wa pili wa uwanja. Wajerumani waliongozwa na Anuradha Doddaballapur, mwanamke wa Bengaluru aliyekwenda Ujerumani kama mtafiti wa maradhi ya moyo na mishipa. Agosti mwaka huo huo, dhidi ya Austria, nahodha huyo aliangusha wiketi 4 kwa mipira 4 mfululizo, na rekodi hiyo imeandikwa kwa jina la Ujerumani. Kanuni za ICC ziko wazi: anaichezea nchi aliye raia wake, aliyezaliwa humo, au aliyeishi humo miaka 3. Ujerumani, nchi ya mwanasoka Beckenbauer, imeikubali kanuni hiyo bila kuona kwamba bendera yake imepungua rangi. Kwa nini Oman ione?

Na kati ya watu wote wa Oman, wa Bahla ndio wangekuwa wa mwisho kuuliza nani mgeni. Babu zao walivuka bahari kwenda Unguja na Pemba, wengine wakaingia bara hadi Tabora na Kongo. Huko waliitwa Wamanga. Yalipokuja mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani walioko nje, wajukuu walirudi. Walirudi na Kiarabu cha kuokoteza, Kiingereza kizuri na vyeti vya shule, na safari hii wakaitwa Wazanzibari. Hao Wazanzibari walisomesha, walitibu, walijenga ofisi za serikali mpya. Lau Oman ingewaambia wasubiri mpaka lafudhi yao ifanane na ya waliobaki, nchi ingechelewa sana.

Tena kuna hesabu ya miaka. Nyumba ya biashara ya Khimji Ramdas iko Muscat tangu 1870. Kanaksi Khimji, aliyefariki dunia mwaka 2021 baada ya kuilea kriketi ya Oman tangu miaka ya 1970, alipewa na Sultan Qaboos cheo cha Sheikh ilhali ni Mhindu. Familia iliyokaa Muscat karne na nusu inaitwa ya wageni na mtu ambaye baba yake kazaliwa Ng'ambo ya Unguja! Mtu huyo huyo jioni yake hufungua kinywa kwa sambusa na chapati, wala haulizi zilitoka bandari gani.

Wapo watakaosema hayo ni ya karatasi. Mchezo wenyewe hauwezi kuota kwa watu wasio na asili nao. Jibu liko Rwanda. Nchi hiyo ilitawaliwa na Wajerumani, kisha Wabelgiji, na Waingereza hawakuwa na koloni huko. Kriketi ililetwa na Wanyarwanda waliokulia uhamishoni, hasa Uganda na Kenya, wakarudi kwao baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Walioitwa wageni kwa sababu ya lugha walizorudi nazo ndio walioanzisha chama cha kriketi mwaka 1999. Tangu 2014 Kigali imekuwa na mashindano ya wanawake ya Kwibuka, yanayowakumbuka waliouawa. Januari 2023, katika Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 19 huko Afrika Kusini, Rwanda iliishinda Zimbabwe, Henriette Ishimwe akiangusha wiketi 4 kwa mipira 4, kisha ikaishinda West Indies. Yote hayo yalifanywa na wasichana wa Kinyarwanda, na yamechukua chini ya miaka 25 tangu chama kianzishwe.

Anayetaka mfano unaozungumza Kiswahili aitazame Tanzania. Huko pia kriketi ilikuwa ya vilabu vya Wazungu, Wagoa na Wahindi, na Mwafrika alikuwa mtazamaji. Juni 2019 timu ya wanawake ya Tanzania ilitwaa kombe la Kwibuka. Septemba 2021, mjini Gaborone, Fatuma Kibasu alipiga mikimbio 127 dhidi ya Eswatini bila kutolewa. Jina la Fatuma halihitaji kutafsiriwa Bahla.

Hoja kwamba mabinti wa Oman hawana moyo wa michezo haifai kupotezewa muda. Buthaina Al Yaqoubi alikimbia Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Nadhira Al Harthy alifika kilele cha Everest mwaka 2022. Fatma Al Nabhani amecheza tenisi ya kulipwa nchi kwa nchi, akibeba jina la ukoo uliotawala Bahla karne nyingi na kujenga ngome iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1987. Tenisi nayo haikuzaliwa Jabal Akhdar.

Yabaki yale matokeo ya mechi 4 kwa bila dhidi ya Ujerumani. Mwaka 1935, mjini Christchurch, wanawake wa New Zealand walicheza mechi yao ya kwanza ya kimataifa dhidi ya Uingereza iliyokuwa ziarani. Walitolewa wote kwa mikimbio 44. Uingereza ikapiga 503 na kufunga hesabu ikiwa imepoteza wiketi 5 tu. Oktoba 2024, mjini Dubai, saa chache kwa gari kutoka Bahla, New Zealand walinyanyua Kombe la Dunia la ova 20. Kipigo cha ziara ya kwanza hakikuwazuia.

Wabezaji wana ukweli mmoja, nao ni kwamba mabinti wa Dakhiliyah, mkoa wa Bahla na Nizwa, hawaonekani katika mchezo huu. Lakini lawama wameipeleka kwa asiyehusika. Jesrani na wenzake hawakumnyang'anya mtu nafasi. Walicheza kwa sababu walifundishwa. Uwanja wa Al Amerat, ambao Oktoba 2021 ulifungua Kombe la Dunia la ova 20 la wanaume kwa Oman kuishinda Papua New Guinea kwa wiketi 10, uko kiasi cha kilomita 200 kutoka Bahla. Msichana wa darasa la sita hawezi kuufikia kwa baiskeli.

Basi wa kuulizwa ni chama cha kriketi na wakuu wa elimu wa mkoa. Magongo ya plastiki na mipira laini ya kuanzia watoto si ghali kwa bajeti ya shule. Walimu wa michezo wa kike wapo katika shule za wasichana na wanaweza kupewa kozi fupi. Na timu ya taifa ya nje ikija tena Muscat kwa mechi 4, siku moja ya ziara hiyo ipangiwe Bahla au Nizwa, ndani ya ua wa shule, wachezaji wa timu zote mbili wakifundisha wasichana namna ya kushika gongo. Wazazi wanaosema kriketi ni ya Wahindi waalikwe pia, na waketi mstari wa mbele.