Feza ya msanii, mdomo wa msanii

Kuna wanachama wenzetu wanaosema: msanii akisha kupokea feza ili apinge siasa ya chuki, kazi yake imekufa, yeye ni mutu wa kununuliwa. Tumesikia neno hilo mara mingi katika mikutano yetu, na tunapashwa kulijibu waziwazi. Wale wanaochochea makabila, wao hawalipi? Kila mpenda muziki wa kwetu anajua libanga ni nini: bwana mkubwa anatoa feza, jina lake linatajwa ndani ya wimbo. Kule Rwanda, Simon Bikindi alikuwa mtumishi wa wizara ya vijana, na nyimbo zake zilipigwa redioni wakati wa mauaji ya 1994. Mwaka 2008 mahakama ya Arusha ilimhukumu miaka 15, si juu ya nyimbo zenyewe, bali juu ya maneno aliyotangaza barabarani kwa kipaza sauti. Chuki iko na bajeti. Wanaotaka msanii wa upande mwingine ale upepo, watuambie rangi na nguo za jukwaa atanunua na nini.

Lakini wafadhili nao tuko na neno kwao. Uchaguzi ukikaribia, wanaita wasanii, wanawafundisha siku mbili katika hoteli, wanawapa karatasi yenye maneno ya kuimba: amani, umoja, tupendane. Wimbo unarekodiwa, picha zinapigwa, ripoti inakwenda Ulaya, mambo yamekwisha. Hii si sanaa ya kupinga kitu. Hii tuliisha kuiona, na wakubwa kati yetu waliicheza kwa miguu yao wenyewe.

Wakati wa MPR, mashule na makampuni makubwa yalikuwa na vikundi vya animation politique. Watu waliacha kazi kwenda kujifunza kucheza na kuimba sifa za Mobutu na umoja wa taifa (sare zilikuwa nzuri, tukubali). Hakuna serikali iliyotumia feza mingi hivyo kwa wacheza ngoma. Basi umoja huo ulioimbwa asubuhi na mangaribi kwa karibu miaka ishirini, ulifanya nini siku ulipohitajiwa? Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano wa Taifa ulimchagua Tshisekedi kuwa waziri wa kwanza mahali pa Nguz. Hapa Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule, vijana wa UFERI walianza kufukuza Wakasai katika nyumba zao. Likasi na Kolwezi, jamaa nzima zililala kwenye gare kungojea treni, wengine walifia palepale. Watu waliofukuza na watu waliofukuzwa walikuwa wameimba wimbo mmoja katika kiwanja kimoja. Hakuna aliyekumbuka hata ubeti.

Tena tukumbuke silaha ya kwanza ilikuwa nini. Ilikuwa neno. Gavana Kyungu wa Kumwanza aliwaita Wakasai «bilulu», wadudu. Neno fupi, la kuchekesha, ambalo mtoto analishika mara moja. Yule aliyelitoa alijua kazi ya kinywa kuliko washairi wetu wote. Neno la namna ile, huwezi kulijibu na karatasi ya semina. Linajibiwa na mtu anayejua kuchekesha kuliko yeye, anayesema Kiswahili cha cité, na ambaye watu wanamwamini juu ya wanajua hakuna aliyempangia maneno.

Tutaambiwa: sanaa haibadilishi mioyo. Labda si mioyo. Kule Rwanda, tangu 2004, redio ilitoa mchezo wa Musekeweya, uliolipwa na shirika la kutoka Uholanzi. Ni habari za vijiji viwili vya kubuni, na majina ya makabila hayatajwi. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuata wasikilizaji mwaka mzima, akachapisha matokeo 2009. Imani za ndani hazikugeuka sana. Kilichogeuka ni mawazo ya watu juu ya mambo ambayo majirani wanakubali, na tena walithubutu zaidi kukatalia wenzao hadharani. Kwetu, 1992, njo kilichokosekana: wengi walihurumia jirani, lakini kila mmoja alizani ni yeye peke yake. Na ule mchezo haukuwa wimbo wa siku mbili, ulidumu miaka na miaka.

Wala hatuhitaji kwenda Rwanda kutafuta mfano wa kulipa bila kuamuru. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa mji wetu, alichora historia ya Zaïre katika vitambaa zaidi ya mia moja, 1973 na 1974, na aliyevinunua alikuwa profesa Johannes Fabian. Profesa alitoa feza na masikio. Historia ilibaki ya Tshibumba, pamoja na wafungwa wake na maiti zake. Na kabla ya profesa, watu wa kawaida walinunua picha za ukumbusho kutundika katika salon. Mzee zaidi bado ni utani wa koo, ambao Wababemba wanauita bunungwe. Kwenye kilio, mtani anatukana marehemu na jamaa yake, anasema yale wote wanayoficha, kisha anadai malipo na anapewa. Hakuna aliyesikia familia ikimwambia mtani: leta kwanza maneno yako tuyasome.

Ombi letu kwa mkutano mkuu ni hili. Chama kiko na sanduku, na kila mwaka sehemu kubwa inakwisha katika karamu. Tutoe sehemu hiyo kwa kikundi kimoja cha teatri na mchoraji mmoja, miaka miwili mfululizo, hata wakati hakuna uchaguzi. Kazi yao iwe juu ya chuki ya kikabila katika mji huu, na kamati isisome kitu mbele ya siku ya kuonyesha. Mfadhili akitaka kuongeza feza, karibu, kwa masharti yaleyale.

Wanaoogopa kwamba mchezo wa kwanza utatucheka sisi wenyewe, kwa namna tunavyogawana vyeo vya kamati kufuata makabila, wako na haki ya kuogopa. Watawekewa viti vya mbele.