Rubani wa jeshi Marekani: abaki ao aende?
Huko Marekani, rubani wa jeshi la anga anadaiwa miaka 10 ya kazi kisha kumaliza masomo ya kurusha ndege. Hapo njo swali: abaki, ao aende kwenye kampuni za abiria?

Wengi wanaangalia mshahara tu. Sisi tunaona jambo kubwa ni foleni. Kwenye kampuni, tarehe uliyoingia njo inaamua ndege utakayorusha, na kama Noeli utakuwa nyumbani. Cheo cha jeshi hakihesabiwi. Na ukifikisha miaka 65, basi.

Lakini anayetoka mbele ya miaka 20 anapoteza malipo ya uzeeni yenye kuanza mara moja. Wengine wanaingia jeshi la akiba, wanashika yote mbili. Tena kisha Septemba 2001 makampuni yalisimamisha marubani maelfu. Walioingia mwisho njo walitoka kwanza.