Kahawa nane jikoni, kichanga macho usiku kucha

Jumamosi mbili zilizopita nilikwenda kwa dada yangu kumwona mtoto, ambaye siku hiyo alikuwa ametimiza wiki sita. Mtoto alikuwa amelala, kwa hiyo nikaishia jikoni, ambako shemeji alikuwa amefungua boksi na kutandaza vifaa mezani kama fundi redio. Amenunua mashine ya kusagia kahawa. Si ile ya visu tunayosagia iliki na pilipili manga, ni ile yenye meno mawili ya chuma ya duara, moja limetulia, jingine linazunguka, na punje za buni zinasagika katikati.

"Shemeji, wewe ni mtu wa sayansi, njoo unisaidie kuipima," akaniambia. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, sayansi yangu ni ya kusoma ripoti na kuuliza madaktari maswali ya kuudhi. Lakini kahawa naipenda, nikavuta kiti.

Kwa wasioijua kazi hii, espreso ni kahawa inayotengenezwa kwa kusukuma maji ya moto kwa nguvu kupitia unga laini ulioshindiliwa. Unga ukiwa na chenga kubwa, maji yanapita mbio na kahawa inatoka nyepesi, chachu kama ndimu. Ukiwa laini kupita kiasi, maji yanakwama, kahawa inadondoka tone kwa tone na kuwa chungu ya kukunja uso. Kipimo ambacho wengi huanzia ni hiki: gramu 18 za unga, gramu 36 za kahawa kikombeni, ndani ya sekunde 25 hadi 30. Unaweka mzani wa jikoni chini ya kikombe, unaanzisha saa ya simu, unaangalia. Kisha unazungusha pete ya namba kwenye mashine ya kusagia mpaka ufike hapo.

Tulianzia namba 15. Gramu 36 zikajaa kwa sekunde 11. Tukashuka hadi 12, sekunde 12. Hapo shemeji akakasirika, akashuka moja kwa moja hadi 5. Sekunde 20. Akarudia palepale kwenye 5 bila kugusa kitu, na safari hii mashine ikanguruma dakika nzima, kahawa haitoki. Tukaamini mashine ni mbovu.

Haikuwa mbovu. Ukibadilisha namba, unga wa namba ya zamani unabaki katikati ya meno, na ndio unaotoka kwanza. Kila kikombe chetu kilikuwa mchanganyiko wa namba mbili, tukawa tunahukumu 12 kwa unga wa 15. Dawa yake ni kusaga gramu tatu au nne baada ya kubadilisha, unazimwaga, ndipo unasaga za kupima. Inauma kumwaga kahawa, najua, bei ya kilo moja siku hizi inajulikana. Ila tulichomwaga baadaye kwa ubishi kilikuwa kingi zaidi.

Kikombe cha nane, namba 8, sekunde 27, povu la kahawia, utamu mwishoni. Tukashangilia mpaka mtoto akaamka.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya. Muda wote huo dada alikuwa akipita jikoni. "Hebu nionje." Tukampa nusu kikombe, mara sita. Nusu sita ni vikombe vitatu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya (EFSA) inakadiria espreso moja ya mililita 60 kuwa na miligramu 80 hivi za kafeini, na kwa mama anayenyonyesha inataja miligramu 200 kwa siku nzima kuwa kiwango kisichotia wasiwasi kwa mtoto. Hata kwa hesabu hiyo ya huruma, dada alikuwa amefika 240 kwa saa moja na nusu. Nasema ya huruma kwa sababu buni aina ya arabika huwa na kafeini karibu asilimia 1.2 ya uzito wake. Gramu 18 zinabeba zaidi ya miligramu 200, na sehemu kubwa hutoka na maji.

Usiku saa saba akanipigia. "Mdogo wangu, huyu mtoto hajalala tangu magharibi. Macho makavu, anarusha miguu tu. Ni kahawa?"

Niliona aibu. Nimeshaandika kuhusu kafeini kwa wajawazito, naijua ile nasaha ya Shirika la Afya Duniani kwamba mjamzito anayezidisha miligramu 300 kwa siku apunguze, na bado nilikaa pale nikishika saa ya simu.

Jibu la kweli ni kwamba sikuweza kujua. Watoto wa wiki sita hukesha kwa sababu elfu. Lakini kafeini hupita kwenye maziwa, kiasi kidogo tu, na tatizo ni kwamba ini la kichanga halijaweza kuivunja. Mtu mzima hupunguza nusu ya kafeini mwilini kwa saa tano hivi. Mtoto aliyezaliwa karibuni anaweza kuhitaji siku tatu, hata zaidi. Uwezo huo hukua taratibu, na akifika miezi sita hivi anakuwa amekaribia mtu mzima. Kwa hiyo kidogo cha leo hukuta cha jana bado kipo.

Nilimuuliza kwanza kama mtoto ana homa, kama ananyonya, kama anakojoa. Hakuwa na homa, na alikuwa ananyonya vizuri. Angekuwa na joto, ningemwambia aende hospitali usiku uleule, maana homa kwa mtoto chini ya miezi mitatu haingojei asubuhi. Dada aliacha kahawa siku nne. Usingizi wa mtoto ukatulia siku ya tatu, na siwezi kuapa kuwa ni kwa sababu hiyo.

Jumamosi iliyopita nikarudi, kwa sababu shemeji alikuwa amemaliza ule mfuko. Sasa alikuwa na kilo ya robusta aliyoletewa kutoka Kagera, na buni mpya maana yake kupima upya. Robusta huwa na kafeini karibu mara mbili ya arabika. Safari hii muonjaji alikuwa mmoja, na hakumeza. Ndivyo wanavyofanya waonjaji wa kazi: kijiko kimoja, unakizungusha mdomoni, unatema. Shemeji aliona ni ukosefu wa adabu kutema kahawa ya watu, nikamwambia ateme tu. Tulibadilisha kitu kimoja kwa wakati, gramu zilezile, namba peke yake, tukimwaga zile gramu tatu za kwanza. Na tulipotaka unga laini zaidi tulizungusha pete injini ikiwa inazunguka, ili punje zilizonaswa zisizuie meno. Vikombe vitatu, tukamaliza.

Dada aliuliza kama tungeweza kupima kwa kahawa iliyoondolewa kafeini, kisha turudi kwenye ya kawaida. Wazo zuri, lakini namba hazihamishiki. Punje hizo husagika tofauti, utaanza tena mwanzo. Bora aweke mfuko wake pembeni, wenye namba yake.

Kitu kingine, kaka yake kichanga ana miaka miwili. Nilipoinama kuokota kijiko nilimkuta chini ya meza na punje mbili za buni mkononi, moja inaelekea mdomoni. Ngumu, ndogo, kipimo cha koo lake kabisa. Tukafagia, na mashine ikahamia juu ya kabati, waya umechomolewa.

Kwenye ubavu wake shemeji amebandika karatasi: "Arabika 8. Robusta 10." Chini yake dada ameongeza kwa kalamu nyekundu: "Mama K: kimoja, asubuhi."