Zege Lipo, Majina Je?



Ukifika Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, hutasikia mlio wa garimoshi. Reli ya TAZARA inapita mbali, kule Vwawa na Tunduma. Hata hivyo, ni hapo Itumba nilipokutana na mzee mmoja aliyeutumia ujana wake ndani ya mahandaki ya reli hiyo. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba," kisha akaniuliza kabla hata sijaketi: "Mwandishi, mbona reli imeandikwa sana, na waliokufa hawakuandikwa?"

Swali hilo ndilo ninalokuletea leo.

Reli hiyo, yenye kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako milima ilitobolewa na kuta za mahandaki zikavishwa zege. Wafanyakazi zaidi ya 160 walipoteza maisha, miongoni mwao Wachina zaidi ya 60. Wachina waliozikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, wana makaburi yanayotunzwa. Huko Chongwe, Zambia, bustani ya kuwakumbuka wenzao ilifunguliwa mwaka 2022.

Mzee anatamani bustani juu ya handaki mojawapo, abiria waione kabla garimoshi halijaingia gizani. "Rafiki yangu tulimzika karibu na kambi," alisema. "Kaburi lilikuwa tuta la udongo tu. Sijui mvua imelipeleka wapi."

Wazo hilo ni jema, lakini zege lina masharti yake. Meta moja ya ujazo ina uzito wa karibu kilo 2,400. Mzigo wa namna hiyo haurundikwi ovyo juu ya handaki bila mhandisi kupima. Ukuta mfupi wa majina, vijia vyembamba na nyasi vyatosha. Adui mwingine ni maji: sharti mitaro iyaelekeze mbali na mlango wa handaki, yasije yakapenya ardhini na kudhoofisha kuta. Tena zege likishamiminwa limwagiliwe angalau siku 7, na nguvu zake hupimwa baada ya siku 28. Kila fundi wa mtaani anayajua haya. Huyasahau anapoharakishwa kwa ajili ya mgeni rasmi.

Saruji haitushindi, kiwanda kipo Songwe, mkoani Mbeya. Kinachotuponyoka ni majina. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 sasa ameshapita 70. Zege tunaweza kulisubiri siku 28, wazee hawatatusubiri.

Basi, ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu yupo babu au mjomba aliyefanya kazi relini, keti naye jioni ya leo. Mwulize ni nani hakurudi. Andika jina, kijiji na mwaka, hata kama ni kwenye daftari la shule la mtoto.

Tulipoagana, mzee alinitajia jina la rafiki yake, herufi moja moja, akanitaka nimsomee nilichoandika. Nikasoma. Akaniambia nisome tena. Silichapi hapa, kwa kuwa jamaa zake hawajaulizwa. Lakini sasa limeandikwa.