Watoto 30, mpira mmoja: kipaji kitatoka wapi?

Jumamosi asubuhi, viwanja vingi vya mitaani Dar es Salaam vinajaa watoto wa vituo vya kukuza vipaji. Jezi zinafanana, koni zimepangwa, mwalimu ana filimbi shingoni na wazazi wamekaa kivulini. Kwa kutazama haraka, mtu atasema soka la Bongo sasa limepata mwelekeo. Akikaa nusu saa ataona jambo jingine: mpira uwanjani ni mmoja.

Watoto wamepanga foleni. Wa mbele anakokota mpira kuzunguka koni, anarudi, anamwachia mwenzake, kisha anakwenda nyuma ya mstari kusubiri zamu yake. Hesabu yake haihitaji shahada. Mazoezi ni dakika 60, watoto 30, mpira mmoja. Ukigawa sawasawa, kila mtoto anakaa na mpira dakika 2. Akija mara tatu kwa wiki, dakika 6. Muda wote uliobaki amesimama anavutana jezi na mwenzake.

Mtoto huyo huyo akifika miaka 17, pasi ikimfikia inamponyoka mita tatu mbele na beki anaichukua. Jukwaani watu wanamaliza kesi hapo hapo: "Huyu hana kipaji." Kipaji gani, kwa dakika 6 za wiki?

Mashabiki wa Simba na Yanga wanalijua pengo hili hata kama hawalisemi. Kwa miaka mingi wamelipa kiingilio kushuhudia miguu ya wageni: Haruna Niyonzima kutoka Rwanda, Clatous Chama wa Zambia, Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, Pacome Zouzoua wa Ivory Coast. Kilichowapandisha watu vitini si mbio wala misuli. Ni ule mguso wa kwanza: mpira unakuja kwa kasi, unatua mguuni, unatulia, na beki keshaachwa. Wazawa wa aina hiyo wapo, Feisal Salum 'Fei Toto' ni mmojawapo. Lakini klabu ikitaka fundi wa kuchezesha timu, mara nyingi inakimbilia uwanja wa ndege kabla ya kuangalia timu yake ya vijana.

Zamani kazi hii ilifanywa na chandimu, tena bila mwalimu. Kichochoro chembamba, magoli ya mawe au kandambili, wanne kwa wanne, mpira wa makaratasi na mifuko ya rambo uliofungwa kamba. Mpira ule haukudunda. Hauwezi kuubutua ukaenda mbali, na ukuta wa jirani uko pale pale. Mtoto hakuwa na njia ila kuutuliza, kuulinda na kupiga chenga. Kwa saa mbili za jioni aligusa mpira mara nyingi kuliko anavyougusa leo kwa wiki nzima ya foleni.

Wabrazili wana kitu cha namna hiyo, wanakiita futsal: uwanja mdogo, watano kwa watano, mpira usiodunda sana. Ronaldinho na Neymar wote walipitia huko utotoni. Hata England, 11 kwa 11 huanza watoto wakishakua kidogo. Kabla ya hapo watoto wanacheza timu ndogo kwenye uwanja mdogo. Huku Bongo, mtoto wa miaka 9 anaweza kuwekwa uwanja wa wakubwa, akakimbia dakika 20 bila kuuona mpira, na anapoupata anasikia sauti kutoka nje: "Toa huko! Piga mbele!"

Sauti hiyo inaua zaidi ya ukosefu wa vifaa. Inatoka kwa mwalimu anayetaka kombe la bonanza, na kwa mzazi anayetaka mwanawe ashinde leo. Kushinda mechi za watoto ni rahisi: chomeka vijeba wawili wenye ndevu, butua mipira mirefu, waache wakimbie. Kombe litapatikana na picha zitapigwa. Miaka mitano baadaye vijeba wamezeeka, na watoto halisi hawajui kutuliza mpira.

Dawa yake wala si ngumu. Mpira mmoja kwa watoto wawili, na mahesabu yanabadilika: katika dakika zile zile 60, kila mmoja anapata 30. Foleni ifutwe. Wacheze watatu kwa watatu, wanne kwa wanne, viwanja vidogo vitano ndani ya uwanja mmoja. Wacheze duara, wawili kati wakisaka mpira, wengine wakigongeana pasi za haraka.

Halafu wafundishwe kupokea. Mguu urudi nyuma kidogo pale mpira unapogusa, kama mtu anayedaka yai. Mtoto achungulie begani kabla pasi haijafika, ajue adui yuko wapi. Apokee kwa mguu wa mbali ili ageuke akiwa anatazama goli la wapinzani. Mguu wa kushoto upewe zamu sawa na wa kulia. Danadana ni nzuri kwa kuzoeana na mpira, ila zisigeuzwe mtihani wa kupata namba. Mechi haina muda wa kupiga danadana 100.

Kuna watakaosema mipira ni ghali na viwanja ni vibovu. Ni kweli. Lakini kituo kilichopata fedha za jezi zenye majina mgongoni hakiwezi kukosa mipira mitano ya kuanzia. Na asiye na mpira wa dukani aje na wa makaratasi. Uliwalea wengi kabla yake.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON kwa pamoja, na Arusha ujenzi wa uwanja mpya ulianza kwa ajili hiyo. Ni jambo la kujivunia. Ila zege halitulizi mpira. Mashindano yataisha, wageni wataondoka, uwanja utabaki, na atakayeingia kucheza humo miaka kumi ijayo ni yule mtoto aliyesimama nyuma ya foleni Jumamosi hii. Udongo upatilize ungali maji. Mwalimu aweke filimbi mfukoni, ampe mtoto mpira, na mzazi pale kivulini anyamaze kidogo.