Kutoka wilbaro hadi Zakayo: Mfano unapomgeukia kiongozi

Katika kampeni za mwaka 2022 nchini Kenya, William Ruto alijiita hasla, mtoto aliyeuza kuku kando ya barabara. Nembo ya chama chake cha UDA, wilbaro, ilieleweka Eldoret, Nyeri na Kakamega bila mkalimani. Katika nchi yenye makabila zaidi ya 40, ambako kura mara nyingi hufuata kabila, wachuuzi na vijana wasio na ajira walipata jina moja: mahasla.

Lakini mfano ukishatolewa hadharani, aliyeutoa haumiliki tena peke yake. Kodi zilipopanda, Wakenya walimbandika rais jina la Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Biblia aliyepanda juu ya mkuyu. Juni 2024 waandamanaji, wengi wao vijana, walimtaka "Zakayo" ashuke. Tarehe 26, siku moja baada ya watu kadhaa kuuawa, Ruto alitangaza kwamba hatatia saini Mswada wa Fedha.

Lugha ya picha huvuka mipaka ya kabila haraka kuliko ilani ya chama, na hudumu kuliko kampeni. Anayejiita hasla hupimwa kwa bei ya unga.